Mbwa akidondokwa mate ghafla, usiingize mkono kinywani

MBITA, Kaunti ya Homa Bay, ni mji wa wavuvi, na mbwa wa huko hawakosi vichwa vya mbuta na mabaki ya omena. Ndiposa mbwa akionekana asubuhi taya limelegea na mate yanamchirizika, ni rahisi mwenyewe kudhani amekwamwa na mwiba wa samaki. Humshika kichwa na kuingiza vidole kinywani kuutafuta.

Hapo ndipo hatari ilipo. Taya kulegea na koo kushindwa kumeza ni dalili za kichaa cha mbwa cha aina ya kupooza. Mbwa huyu hakimbizi watu. Hujificha penye giza, sauti yake hubadilika, miguu huyumba, na kwa kawaida hufa katika muda wa siku 10. Watu humtazamia mbwa mkali, huyu mpole wasimtambue. Virusi vimo ndani ya mate, na mchubuko mdogo kidoleni ni mlango wa kutosha.

Maradhi haya si mageni katika eneo la ziwa. Kisa cha kwanza cha mbwa nchini Kenya kiliripotiwa viungani mwa Nairobi mwaka wa 1912. Cha kwanza cha binadamu, mwaka wa 1928, kilimpata mwanamke wa eneo la Ziwa Victoria. Dalili zikishajitokeza kwa mtu, karibu hakuna anayepona.

Kwa hivyo mbwa wa namna hiyo afungiwe bila kuguswa, na daktari wa mifugo aitwe aje alipo. Kubebwa kwa bodaboda hakufai kabisa. Kama kweli ni mwiba, daktari ndiye atakayeutoa. Aliyeumwa, au aliyeingiwa na mate penye kidonda, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku iyo hiyo kuuliza chanjo. Asingoje kuona kama mbwa atakufa.

Sumu nayo huleta mate, lakini mwendo wake ni wa kasi. Mbwa aliyelamba dawa ya kuua kupe au ya kunyunyizia mboga hutetemeka, hutapika na kuhara, na mboni za macho husinyaa, yote katika dakika au saa chache. Asipewe maziwa wala asilazimishwe kutapika. Daktari atafutwe papo hapo na aonyeshwe chupa ya dawa, kwani ndiyo itakayomwelekeza kwenye tiba.

Upande wa Bonde la Lambwe, karibu na Mbuga ya Ruma, kuna mbung'o, na mbung'o huambukiza mbwa nagana. Jicho hufunga utando mweupe kama maziwa, uso huvimba, homa hupanda na fizi hupauka. Swila anayetema sumu machoni husingiziwa bure. Mgonjwa huyu aweza kungoja kupambazuke, lakini si wiki nzima: nagana hutibika kwa sindano ikigunduliwa mapema kwa kupima damu.

Chanjo ya kichaa hutolewa mbwa akiwa na miezi 3 na kurudiwa kila mwaka. Cheti chake kihifadhiwe, kwa maana ndilo jambo la kwanza daktari atakaloulizia.