Sauti Imehamia Intaneti, Pesa za Kangema Zingali Kwenye Njia ya Zamani

Mama mwenye kabambe, simu ya vitufe isiyo janja, mjini Kangema akitaka mwanawe aliye Nairobi ampigie, humflashi: simu inalia mara moja, anakata. Kampuni ya simu haipati hata senti, maana hakuna aliyezungumza. Hata hivyo mtandao umefanya kazi. Umeitafuta laini ya kijana, umejua iko chini ya mnara upi, umeiamsha na kumwonyesha namba ya mamake. Yote hayo hupita kwenye mkondo wa ishara, ulio kando na ule unaobeba sauti.

Mfumo wa ishara uliotawala kazi hiyo duniani unaitwa SS7. Viwango vyake vya kimataifa vilitolewa mwaka 1980, na ndio uliobeba biashara ya simu za mkononi nchini tangu Safaricom na Kencell zilipoanza kushindana mwaka 2000.

Sasa sauti inahama. Ukiritimba wa Telkom Kenya kwenye simu za nje ulikoma mwaka 2004, nyaya za baharini zikatua Mombasa kuanzia 2009, na mwaka 2015 WhatsApp ikaruhusu watu kupigiana. Aliye Saudi Arabia au Marekani hazungumzi tena na nyumbani kwa dakika za kulipia, anatumia bando. Hata simu za kawaida zimeshuka thamani. Ada ambayo kampuni moja huilipa nyingine kwa kupokea simu ya mteja wake ilikuwa shilingi 4.42 kwa dakika kabla ya kupunguzwa hadi 2.21 mwaka 2010. Machi 2024 ilishuka hadi senti 41.

Kwa hesabu hiyo ni rahisi kudhani siku za SS7 zinahesabika. Mimi naona watu wanatazama sauti na kuisahau pesa. Katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2022, M-Pesa iliiletea Safaricom takriban shilingi bilioni 107, na sauti bilioni 83. Mkulima wa chai wa Kanyenyaini, huko Kangema, anapobofya *334# ya M-Pesa kwenye kabambe, ombi lake halihitaji bando. Linapita mkondo uleule wa ishara. Ujumbe wa kuthibitisha kwamba pesa zimeingia nao unapita humo, na pia namba za siri ambazo benki na SACCO hututumia. Anayempigia mzazi wake kwa intaneti kutoka Riyadh bado anautegemea mkondo huo ili mzazi ajue fedha zimefika.

Kwa hiyo hatari ya SS7 si ya wahandisi peke yao. SS7 iliundwa wakati kampuni za simu zilikuwa chache na zikiaminiana, na ombi likitoka kwa mwenzako ulilijibu bila kumhoji. Mwaka 2014 watafiti nchini Ujerumani walionyesha jinsi mtu wa mbali anavyoweza kunasa ujumbe wa mwingine kupitia njia hiyo. Mwaka 2017, hukohuko Ujerumani, wezi waliitumia kukomba akaunti za benki. Mtandao wa 4G una mfumo wake mpya wa ishara, lakini maadamu laini ya 2G, inayotumiwa na kabambe na kuendeshwa kwa SS7, inahudumiwa, mlango wa zamani uko wazi na unahitaji bawabu. Kampuni zetu zina wajibu wa kugharamia ulinzi huo hata kama sauti hailipi tena.

Kuufunga mlango huo kabisa nako si rahisi: Uingereza imeamua kuzima mtandao wake wa zamani wa simu za waya, na tarehe ya mwisho imesogezwa kutoka Desemba 2025 hadi Januari 2027, sababu mojawapo ikiwa wazee wenye vifaa vya dharura vilivyounganishwa kwenye nyaya hizo. Kenya itakapofikia kuzima 2G, wazee wake watakuwa wenye kabambe. Watahitaji simu janja, na kiwanda cha kuunganisha simu kilichozinduliwa Athi River mwaka 2023 kilianza na za 4G kuanzia shilingi 7,499. Kwa familia inayongoja bonasi ya chai ndipo ilipe karo, bei hiyo bado iko juu, na serikali ikiendelea kutoza ushuru vifaa hivi, SS7 itabaki na kazi Kangema kwa miaka mingi.