Pwani ya Madete na Kasa Wetu



Wengi wetu twaijua Saadani kwa jina, maana wazee wetu walikuwa wakisafiri kwa majahazi baina ya visiwa hivi na bandari ile tangu zamani za misafara ya pembe. Lakini ni wachache waliopata kufika Madete, pwani iliyo kaskazini ya Saadani, ndani ya Hifadhi ya Taifa. Mwezi wa Juni, kabla ya mavuno kuanza, mimi na wanachama wenzangu wawili tulikwenda kuitazama. Nimeona niwaandikie habari zake, kwa kuwa zatuhusu sisi wa Pemba kuliko tulivyodhani.

Tulivuka kwa chombo hadi Tanga, tukashika njia ya Pangani, tukavuka mto, kisha tukafuata barabara ya vumbi kupitia Mkwaja. Masika yakiwa mazito njia ile ina taabu, basi atakaye kwenda na angoje mvua zikatike. Kuingia hifadhini kuna malipo, nasi tulifuatana na askari wa hifadhi muda wote. Jambo hilo lina maana yake, kwani porini mle mna nyati, tembo na simba, na mara nyingine wanyama hutoka mpaka mchangani.

Nchi ile ilikuwa pori la akiba tangu miaka ya 1960, na mwaka 2005 ikafanywa Hifadhi ya Taifa. Ukubwa wake wapata kilomita za mraba 1,100, na katika hifadhi za taifa za Bara ndiyo pekee inayopakana na Bahari ya Hindi. Tulipotembea pale Madete hatukuona nyumba, wala duka, wala taa. Mgeni aweza kuuliza: kimefichwa nini hapa hata palindwe namna hii?

Askari alitujibu kwa kidole. Alituonyesha mchirizi mpana uliotoka majini ukapanda mpaka juu ya mwisho wa bamvua, mfano wa njia ya gurudumu la trekta. Hapo ndipo kasa jike alipopanda usiku kutaga. Huchimba shimo kwa mapezi yake, hutaga mayai yapata 100 au zaidi, huyafukia, kisha hurudi baharini asiyaone tena. Mayai hukaa mchangani kama miezi miwili. Mchanga ukiwa na joto zaidi hutoka majike, ukiwa na ubaridi hutoka madume. Watoto hutoka usiku, nao huifuata nuru ya upeo wa bahari. Ikiwapo taa upande wa nchi kavu, huifuata hiyo wakapotea, wakaliwa na kaa na ndege au wakakauka kwa jua. Ndiyo sababu ya kiza kile cha Madete.

Mkulima wa karafuu ajua kungoja. Tunapanda mche tukakaa miaka sita, saba au zaidi kabla ya kuchuma. Kasa hungoja zaidi yetu: hupita miaka 20, pengine 30 na zaidi, kabla ya jike kuweza kutaga, na akisha kuwa mzima hurejea kutaga katika pwani za upande alikozaliwa. Basi anayemuua kasa mmoja mkubwa leo amekata mti uliokwisha lindwa na bahari kwa umri wa mtu mzima.

Na pwani ikiharibika si rahisi kuirudisha. Karibu na Pangani kiko kisiwa cha Maziwe, ambacho zamani kilikuwa na mivinje na kasa wengi wakitaga. Mwaka 1975 kiliwekwa chini ya ulinzi, lakini miti ilikwisha katwa na mchanga ukawa hauna cha kuushika. Leo maji yakijaa kisiwa kizima hufunikwa. Ulinzi ulifika, miti haikuwapo.

Sasa nije kwetu. Kasa hana mpaka. Husafiri mamia ya maili baina ya malisho yake na mahali pa kutagia, na huyu anayekula majani ya bahari katika maji yetu huenda alianguliwa Madete. Askari wa kule aweza kulilinda shimo la mayai usiku kucha, na kazi yake yote ikaishia katika wavu na sufuria upande huu.

Nasi tumekwisha kuona msiba wa sufuria hiyo. Mwezi wa Novemba 2021, watu 7 walikufa hapa Pemba baada ya kula nyama ya kasa. Mwezi wa Machi 2024 msiba ukarudi, mara hii katika Kisiwa Panza: watoto 8 na mtu mzima mmoja wakafariki, na wengine wengi wakalazwa hospitali. Sumu hiyo haifi kwa moto, haitambulikani kwa macho wala kwa harufu, na dawa ya kuiondoa mwilini haijapatikana. Mama anayenyonyesha akila, mtoto naye aweza kudhurika kwa maziwa.

Basi nawaomba wanachama mambo matatu. Kwanza, nyama ya kasa isiingie majumbani mwetu wala isipikwe kuwa kitoweo cha wachumaji, hata ikitolewa bure. Sheria nayo imekataza kumuua. Pili, tuzungumze na jamaa zetu wavuvi kwa upole, kwani mvuvi aliyenasa kasa wavuni na kumwachilia amepata hasara ya wavu wake, naye astahili shukrani. Tatu, mwenye shamba linaloishia pwani asiikate miti inayoshika mchanga.

Na mwenye nafasi aende Madete akajionee, asizime macho kwa umbali wake. Ila aiache taa yake mfukoni, na asiokote kitu ila takataka.

Katibu wenu.