Haut-Katanga: Maua ya dembo yanaishia katika kikanda

Katika masoko ya Lubumbashi, kikanda hukatwa vipande kama mkate, na wengi hukila bila kujua kimetoka kwenye mmea gani. Kwa macho kinafanana na soseji, lakini hakina nyama hata kidogo. Ni viazi vidogo vya okidi, maua ya porini, ambavyo hukaushwa, husagwa na kupikwa pamoja na unga wa karanga, pilipili, chumvi na magadi.

Nyingi za okidi hizo huota kwenye dembo, yale mabonde mapana ya majani, yasiyo na miti, yanayojaa maji wakati wa mvua, kuanzia mwezi wa 11 hadi wa 4. Kiangazi hukauka juu, chini udongo ukabaki na unyevu. Moto ambao watu huwasha humo kila mwaka hauziui, kwani wakati huo viazi vimelala udongoni.

Shida ni jembe. Kila msimu okidi hutengeneza kiazi kipya kando ya kile cha zamani. Cha zamani huisha kwa kulisha shina na ua. Kipya ndicho kitakachootesha mmea mwaka unaofuata. Mchimbaji hutafuta hicho kipya, maana ni kigumu na kimejaa. Akikichukua, mmea umekwisha. Mbegu zake, ndogo kama vumbi, haziwezi kuota bila kuvu fulani iliyo udongoni, na miaka kadhaa hupita kabla ya kupata kiazi cha kufaa sokoni.

Karibu na miji, dembo hizo hizo zinatakiwa na walimaji wa lenga-lenga, wanaochimba mifereji na kuinua matuta, na wafyatua matofali wanaofuata udongo wa mfinyanzi. Ni vigumu kuwalaumu: kiangazi, maji yako hapo.

Zambia imekwisha kupitia njia hiyo. Viazi vilipopungua kwake, wafanyabiashara walivifuata Tanzania, Angola na hapa Kongo. Tanzania iliufanya uwanda wa Kitulo, wenye okidi nyingi, kuwa mbuga ya taifa mwaka 2005. Okidi zote zimo katika mkataba wa kimataifa wa CITES, na kuzivusha mpaka kunadai kibali. Lakini ndani ya gunia, viazi vikavu havifanani na ua lolote. Hata mtaalamu hupata taabu kutambua aina.

Kupanda okidi shambani kama mihogo kungewasaidia akina mama wauzaji, ila ile kuvu inafanya kazi hiyo kuwa ngumu. Kwa sasa, karibu kila kipande kinacholiwa kinatoka porini.