Panya, Nyani na Tensio ya Mama Mjamzito

Katika mitaa yetu habari hii tunaisikia mara kwa mara: mama mjamzito alivimba uso na mikono, akalalamika kichwa, macho yakaona kiwi, kisha akaanguka kwa degedege. Kabla munganga hajasema neno, watu wamekwisha kutaja jina la mchawi. Mara ni mama mkwe, mara ni mke mwenza, mara ni jirani aliyeomba chumvi akanyimwa. Tumeona familia zikivunjika kwa maneno hayo. Ndiyo sababu wiki hii tunaandika juu ya panya. Ndiyo, panya, msicheke.

Ugonjwa wenyewe unaitwa pre-eklampsia, na ukifikia degedege ndio kifafa cha mimba. Baada ya wiki ya 20 ya mimba tensio inapanda kufika 140 kwa 90 au zaidi, ile ambayo wauguzi wetu wanaisoma 14 kwa 9, na mara nyingi protini inatokea katika mkojo. Wanyama karibu wote hawaupati wenyewe. Anayetaka kuuchunguza lazima amfanye mnyama augue, maana hakuna mwenye utu atakayembana mama mjamzito mishipa ili aone kitakachotokea.

Huko Jackson, katika jimbo la Mississippi, Marekani, Joey Granger na wenzake walichukua panya wenye mimba. Mimba ya panya ni ya wiki tatu tu. Siku ya 14 wanampasua akiwa amelazwa usingizi, wanatia kibanio kidogo cha fedha juu ya mshipa mkubwa unaoshusha damu tumboni, na vingine juu ya mishipa midogo inayokwenda kwenye mji wa mimba. Ni kama kukanyaga mpira wa maji unapomwagilia lengalenga: maji hayakatiki, yanapungua. Kondo la nyuma linakosa damu ya kutosha, na baada ya siku chache tensio ya panya yule inapanda. Hapo tuulizane: panya yule alirogwa na nani? Hana mama mkwe. Hana mke mwenza. Kilichomwuguza ni kondo lenye njaa ya damu.

Kwa mwanamke hakuna kibanio. Mishipa ya mji wa mimba, ambayo ingepaswa kupanuka tangu miezi ya kwanza, inabaki myembamba. Mwaka 2003, Boston, Sharon Maynard, Ananth Karumanchi na wenzao walionyesha jambo la pili. Kondo lenye shida linamwaga katika damu ya mama protini nyingi iitwayo sFlt1, nayo inanasa chakula cha mishipa. Walipowafanya panya wawe na protini hiyo kwa wingi, tensio ilipanda, protini ikatoka katika mkojo, figo zikaharibika kama za mama mgonjwa. Hata panya wasio na mimba waliugua. Leo katika nchi kadhaa munganga anapima sFlt1 katika damu ili ajue ni mama gani yuko karibu na hatari.

Nyani yuko karibu nasi zaidi, maana mimba yake ni ya miezi sita hivi na kondo lake linafanana na letu. Mwaka 2018 ilitangazwa kwamba dawa ya kuzuia protini ile ilishusha tensio ya nyani wajawazito walioguzwa. Tusikimbilie kushangilia. Mwaka huohuo, Uholanzi, jaribio la sildenafili kwa wajawazito ambao watoto wao hawakui vizuri tumboni lilisimamishwa kwa sababu watoto kadhaa walikufa baada ya kuzaliwa, na hali kwa wanyama dawa ilikuwa imeleta matumaini. Panya anafundisha njia ya ugonjwa. Hatoi ruhusa ya dawa.

Sasa, mama anayesoma haya jikoni atauliza: mimi nanufaika nini? Tiba ya mwisho bado ni kuzaa, kondo litoke. Lakini salfeti ya magneziumu, dawa isiyo ngeni, ilipimwa kwa wanawake 10,000 hivi wa nchi 33, na mwaka 2002 ikaonekana inapunguza hatari ya degedege kwa nusu. Kwa mama aliye katika hatari kubwa, kama yule aliyekwisha kuugua katika mimba iliyotangulia, munganga anaweza kumwandikia aspirini kidogo kabla ya wiki ya 20, asijinunulie mwenyewe. Na katika kila CPN, mkono utiwe katika mashine ya tensio. Wasipokupima, omba kwa heshima, ubaki umekaa mpaka wakupime.

Kichwa kinachouma bila kuacha, macho yanayoona giza au nyota, maumivu juu ya tumbo chini ya mbavu za kuume: usingoje siku ya CPN, nenda siku hiyohiyo, hata usiku. Na aliyejifungua asijihesabu salama mara moja, maana degedege linaweza kumshika hata siku kadhaa baada ya kuzaa, mtoto akiwa tayari mgongoni mwa bibi.