Mfanya Biashara ya Mbao Aliyeingia Barazani

Kaskazini mwa nchi ya Marekani, mpakani mwa jimbo la Wisconsin na jimbo la Michigan, uko mto uitwao Menominee, umwagao maji yake katika ghuba ya Green Bay. Katika karne ya 19 nchi hiyo ilikuwa msitu mkubwa wa misonobari, na miongoni mwa watu waliotajirika kwa msitu huo alikuwamo Bwana Isaac Stephenson.

Bwana huyu alizaliwa tarehe 18 Juni, 1829, karibu na Fredericton katika nchi ya Kanada. Alipokuwa kijana alitumika chini ya mkata miti mmoja hodari, Jefferson Sinclair, na mwaka 1845, umri wake miaka 16, alifika Wisconsin. Alifanya kazi ya miti sehemu za Escanaba, kisha mwaka 1858 akahamia Marinette, mji ulio mdomoni mwa mto Menominee, akawa mwenye sehemu katika kiwanda cha kupasulia mbao.

Inafaa tueleze jinsi kazi hiyo ilivyofanywa. Miti ilikatwa wakati wa baridi, kwa kuwa magogo yaliweza kuburutwa kwa urahisi juu ya theluji na barafu hata ukingoni mwa mto. Kila kampuni ilipiga alama yake kwa nyundo kwenye ncha ya gogo, kama vile mfugaji atiavyo ng'ombe wake chapa. Barafu ilipoyeyuka, magogo yaliachiliwa yakachukuliwa na maji, na watu wepesi wenye viatu vya misumari walitembea juu yake wakiyasukuma yasikwame, wengi walizama. Karibu na viwanda mto ulizuiwa kwa magogo yaliyofungwa pamoja kwa minyororo, na hapo ndipo mali ya kila mtu ilipotengwa kwa kutazama alama.

Lakini mto ni njia ya watu wote. Kampuni iliyotaka kuuzuia au kujenga boma la maji ilihitaji idhini ya Baraza la kutunga sheria la jimbo. (Katika Marekani kila jimbo lina Baraza lake, mbali na Baraza Kuu lililoko Washington.) Basi si ajabu kuwa wenye viwanda walipenda kuwa na sauti humo. Bwana Stephenson alikuwa mjumbe wa Baraza la Wisconsin, katika mji wa Madison, mwaka 1866 na tena mwaka 1868. Siku hizo mjumbe alichaguliwa kwa mwaka mmoja tu, na mikutano ilifanywa wakati wa baridi, yaani wakati ule ule mashoka yanapolia msituni. Hakukaa zaidi, alirudi katika mbao zake.

Mwaka 1867 yeye na Bwana William Ogden, ambaye zamani alikuwa Meya wa kwanza wa Chicago, walishirikiana katika Kampuni ya Peshtigo. Mji wa Peshtigo, ulio maili chache kutoka Marinette, ulijengwa kwa mbao: nyumba za mbao, njia za miguu za mbao, na barabarani vumbi la msumeno. Kiwanda chake kilitengeneza ndoo, mapipa na mipini ya fagio.

Mwaka 1871 mvua ilikosekana kwa miezi mingi. Wakata miti walikuwa wameacha matawi makavu kila mahali, na wakulima pamoja na wajenzi wa reli walikuwa wakichoma vichaka. Usiku wa Jumapili, tarehe 8 Oktoba, upepo mkali ulivuma, ukaikusanya mioto midogo ikawa mmoja. Mji wa Peshtigo uliteketea kwa muda wa saa chache. Walionusurika ni hasa wale waliojitupa mtoni, wakilowesha vichwa vyao usiku kucha. Waliokufa katika sehemu zile hukadiriwa kuwa kati ya 1,200 na 2,500, na watu wapatao 350 wasiotambulikana walizikwa katika kaburi moja. Usiku ule ule mji wa Chicago nao uliungua. Kwa hiyo habari za Chicago zilienea duniani, na zile za Peshtigo, ambako watu waliokufa walikuwa wengi zaidi, zilisahauliwa.

Bwana Stephenson alikuwa mmoja wa walioongoza kazi ya kuwasaidia waliookoka. Hata hivyo hatuwezi kuficha kwamba biashara yake na ya wenzake ndiyo iliyoacha kuni zile kavu msituni.

Baadaye alikaa katika Baraza Kuu la Washington tangu 1883 hata 1889, na mwaka 1907, akiwa mzee wa miaka 77, aliingia katika Seneti. Katika uchaguzi wa chama wa mwaka 1908 alitumia dola 107,793, fedha zilizoleta kelele nyingi. Seneti ilichunguza jambo hilo, na mwezi wa Machi, 1912, wajumbe 40 walikubali abaki na kiti chake, na 34 walikataa. Alitoka mwaka 1915, akafa Marinette tarehe 15 Machi, 1918. Wakati huo misonobari mikubwa ya mto Menominee ilikuwa imekwisha kukatwa, karibu yote.