Damu ya Askari Ipimwe Angali Mzima

Askari huikagua silaha yake kila siku, hata kama haijafyatuliwa tangu mwezi uliopita. Hangoji ikwame mbele ya adui ndipo aifungue na kuisafisha. Lakini mwili wake mwenyewe, ambao ndio unaoibeba silaha hiyo, aghalabu huupeleka kwa mganga siku ile tu unapokataa kuamka. Leo tumekusudia kuzungumza na ndugu zetu wa jeshi na wa polisi juu ya upimaji wa damu, na mfano wetu mkubwa tutautoa huku huku mpakani, katika wilaya za Busia na Tororo, tangu Lunyo iliyo upande wa Ziwa Victoria hadi Malaba yanakopita malori.

Yafaa tuanze na askari wenyewe. Mnamo mwaka 1986 Uganda ilipeleka askari 60 wa jeshi la NRA nchini Kuba kwa mafunzo. Walipofika huko damu yao ilipimwa, na 18 miongoni mwao wakaonekana kuwa na virusi vya UKIMWI. Mwezi wa Septemba mwaka huo huo, katika mkutano wa wakuu wa Nchi Zisizofungamana na Upande Wowote uliofanyika Harare, Fidel Castro alimweleza Rais Yoweri Museveni habari hiyo, na Rais mwenyewe amekwisha kukisimulia kisa hicho hadharani. Msomaji asiipite haraka hesabu hii. Ni askari watatu katika kila kumi, nao walikuwa watu waliochaguliwa kwenda masomoni, si wagonjwa waliotolewa wodini. Ugonjwa ulikuwa umekwisha kutambuliwa nchini tangu mwaka 1982, kule Kasensero kando ya ziwa, lakini ulitambuliwa kwa wale waliokuwa wamekonda na kulala kitandani. Damu ya wale 60 ndiyo iliyowaonyesha viongozi kwamba mtu aweza kupiga gwaride asubuhi hali adui yumo ndani yake.

Wakati huo, ni kweli, kipimo hicho hakikumpa askari dawa, kwani dawa haikuwapo. Kilichopatikana ni maarifa tu, na maarifa hayo yaliisukuma serikali kuusema ugonjwa waziwazi wakati ambapo mataifa mengi yalikuwa yakiuficha. Dawa zilipokuja miaka mingi baadaye, swali likawa jingine: je, mtu aliyekwisha kuanza dawa ana haja ya kupimwa damu kila mara, au yatosha mganga kumtazama na kumwuliza hali?

Swali hilo lilijibiwa katika vijiji vya Tororo na Busia. Kuanzia mwaka 2003 wataalamu wakiongozwa na daktari Jonathan Mermin, kwa ushirikiano wa chama cha TASO na idara ya Marekani ya kuzuia magonjwa, waliwaandikisha watu wazima 1,094 walioanza dawa. Wakawagawa mafungu matatu kwa bahati nasibu. Fungu la kwanza lilichunguzwa kwa macho na maswali tu. La pili, pamoja na hayo, lilipimwa kila miezi mitatu idadi ya zile chembe za damu ziitwazo CD4, ambazo wananchi wamezoea kuziita askari wa mwili. La tatu lilipimwa hayo yote na wingi wa virusi vilevile. Wote walitembelewa nyumbani kila wiki na wafanyakazi waliofunzwa kazi hiyo, waliokuja kwa pikipiki wakiwa na dawa mikobani. Mtu anayezijua njia za huku wakati wa masika atakubali kwamba kazi hiyo haikuwa ndogo.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2011. Wale waliotazamwa kwa macho tu walipatwa na maradhi mapya ya UKIMWI, au kufariki, kwa wingi kuliko waliokuwa wakipimwa damu. Tukumbuke kwamba hawakuwa watu walioachwa peke yao. Walikuwa na mgeni mlangoni kila wiki, naye amefunzwa kuuliza juu ya homa, kikohozi na kukonda. Hata hivyo jicho lilichelewa pale ambapo damu ingaliwahi kusema. Sababu yake inaeleweka: askari wa mwili hupungua kwanza, kimya kimya, na maradhi huingia baadaye kupitia lango lililokwisha kuachwa wazi.

Hata hivyo hatupendi msomaji adhani kwamba kila kipimo ni dhahabu. Katika jaribio hilo hilo, kuongeza kipimo cha wingi wa virusi juu ya kile cha CD4 hakukuleta tofauti kubwa iliyo dhahiri kwa muda waliofuatiliwa. Na jaribio jingine kubwa zaidi, lililoitwa DART, la watu 3,316 wa Uganda na Zimbabwe, lilionyesha kwamba baada ya miaka mitano walikuwa hai 90 katika kila mia ya waliopimwa maabara mara kwa mara, na 87 katika kila mia ya waliochunguzwa bila vipimo hivyo vya kawaida. Tofauti ipo, lakini si ya ajabu. Wenye jaribio hilo waliona pia kwamba kupima kwa mazoea madhara ya dawa katika damu hakukuwapunguzia wagonjwa madhara hayo. Kwa maoni yetu fundisho la mafungu haya mawili ni kwamba kipimo huwa na thamani pale tu kinapofuatwa na kitendo. Karatasi ya maabara iliyofungiwa mezani mwa karani haimponyi mtu.

Mambo yamesonga mbele tangu siku hizo. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kupima wingi wa virusi kuwa njia bora ya kumfuatilia aliye kwenye dawa, na Uganda ikaifuata. Si lazima tena mgonjwa asafiri hadi Kampala. Matone ya damu hukaushwa juu ya karatasi maalumu kituoni, kisha mwenye pikipiki huyachukua mpaka hospitali iliyo kitovu cha eneo, na kutoka hapo hupelekwa maabara kuu ya taifa. Aliyetumia dawa vyema hata virusi vikawa havionekani tena katika kipimo hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Kwa askari mwenye mke nyumbani na lindo mbali, neno hilo ni kubwa.

Tusiishie kwenye UKIMWI. Kisukari cha watu wazima huweza kukaa mwilini miaka kadhaa bila ishara, na humwendea hasa yule aliyezeeka kazini, aliyepandishwa cheo akaacha mbio za asubuhi. Damu iliyochukuliwa kabla ya kifungua kinywa, ikionyesha sukari ya milimoli 7 kwa lita au zaidi, na ikarudiwa siku nyingine ikaonyesha vivyo hivyo, imekwisha kutoa hukumu. Homa ya ini aina ya B nayo hujulikana kwa damu, na asiye nayo huchanjwa asiipate kamwe. Malaria ya Tororo haihitaji kuelezwa kwa mtu aliyewahi kulala huko bila chandarua. Tutataja tu kwamba mtu mzima aliyekulia huku aweza kuwa na vimelea bila homa, huku damu yake ikipungua nguvu.

Lipo jambo moja linalozuia yote haya, nalo ni hofu. Askari huogopa kwamba jina lake litazunguka kambini kabla ya jua kutua, na kwamba atanyimwa safari, kozi au cheo. Hofu hiyo si upuuzi, wala haiondolewi kwa hotuba. Huondolewa na mkuu wa kikosi anayepanga foleni akawa wa kwanza kuinyoosha mkono, na na mganga wa kambi anayefunga kabati lake kwa ufunguo. Palipo na siri watu huja wenyewe. Palipo na umbea, hata amri ya maandishi huleta watu waliokunja uso, na majibu yao hawayafuati.

Kuna na suala la uhamisho, ambalo raia halimsumbui sana. Askari aliyepimwa Busia mwezi huu aweza kuamriwa kwenda Karamoja mwezi ujao, na majibu yake yakamfuata kwa miezi au yasimfuate kabisa. Kabla ya kupanda lori, na apite kwa mganga achukue barua ya uhamisho yenye tarehe ya kipimo chake cha mwisho, majibu yake na dawa anazotumia, pamoja na akiba ya dawa ya kumfikisha mpaka kituo kipya. Kazi hiyo huchukua nusu saa.