WIVINGI INAPUKUTIKA? CHEKI MSHONO KABLA YA KULAUMU SHAMPUU!

Leo tuongelee nywele. Kaka zangu msikimbie, maana hela ya wivingi saa nyingine inatoka mifukoni mwenu, bora mjue inaishia wapi.

Malalamiko ninayosikia ni yale yale, kuanzia Kashai mpaka Kamachumu: nimeshonea nywele nzuri, wiki mbili tu chanuo limejaa! Msusi anamlaumu muuzaji, muuzaji analaumu shampuu, na mwenye kichwa ndo keshaliwa hela. Na hela yenyewe ina mambo. Juni 2019 Waziri wa Fedha wa wakati ule, Dkt. Philip Mpango, alitangaza bungeni ushuru wa asilimia 25 kwa nywele bandia zinazotoka nje na asilimia 10 kwa zinazotengenezwa nchini. Dada anayedunduliza kwenye kibanda cha kutuma pesa, au anayesubiri kahawa ya nyumbani iuzwe, hawezi kununua nywele kila mwezi.

Tuanze na jambo moja. Nywele yako mwenyewe ikitoka, kinyweleo kinabaki kwenye ngozi na nyingine inaota. Mtu mzima hupoteza kama nywele 50 mpaka 100 kwa siku na hata hashtuki. Wivingi haina mzizi. Inashikwa na uzi tu! Ikichomoka, imekwenda. Kwa hiyo usiulize "nipake nini?" Uliza "mshono wangu uko salama?"

MSHONO UKOJE?

Chukua kipande cha wivingi ukitazame juu. Nywele zimepangwa, zikapigwa cherehani kwa mistari ya uzi, halafu vichwa vyake vikakunjwa kurudi chini na kushonwa tena. Ndo maana unaona vinywele vifupi chini ya mshono, vile vinavyowasha. Wapo wanaovikata kwa mkasi. Jamani, acheni! Vile ndo mkunjo unaozuia nywele isichomoke. Ukikata, umefungua mlango.

Kuna pia mishono ya kufungwa kwa mkono. Ni myembamba na inalala vizuri, ila hiyo usikate kabisa, inafumuka.

DUKANI

Shika mshono kwa mkono mmoja, pitisha vidole vya mkono mwingine kwenye nywele mara tatu nne. Ikitoka moja mbili, kawaida. Zikitoka kwa mafungu, rudisha. Ukiambiwa ni nywele za binadamu, omba unywele mmoja uchome: ya binadamu inanuka nywele iliyoungua na kuwa jivu, ya plastiki inayeyuka na kuacha kidonge kigumu. Muuzaji akikataa, na wewe ondoka.

KABLA YA KUSHONEA

Hapa ndo wengi tunaruka. Nunua gundi ya kuzibia mishono ya wivingi, au gundi ya nguo isiyoyeyuka kwa maji na isiyo na rangi. Paka nyembamba juu ya mshono, pande zote mbili, isichuruzike kwenye nywele. Tundika, mistari isigusane, uache mpaka kesho yake. Usipake supaglu, ikikauka inakuwa ngumu kama mwiba, inavunjika na kukuchoma kichwani. Wala usichanganye na ile gundi nyeusi ya kubandikia nywele kichwani, kazi yake ni nyingine.

KWA MSUSI

Sindano izungushe uzi kupita juu ya mshono na chini ya twende kilioni. Isitoboe mshono wenyewe, kwa sababu kila tundu linaweza kukata uzi unaoshika nywele. Mstari ukiisha, mwombe akunje mshono na kurudi nao badala ya kukata. Kama lazima akate, ule wa cherehani apake gundi mahali pa kukata, ikauke, ndo akate. Najua foleni ya Jumamosi, msusi ana watu sita nyuma yako. Mwambie kwa heshima kabla hajaanza: "Dada, naomba usitoboe mshono." Na akikusuka mpaka macho yanavutika, sema! Nywele za pembeni mwa uso zikivutwa kila mara zinanyonyoka, na zinaweza zisirudi.

NYUMBANI NA BARABARANI

Chana kuanzia nchani kupanda juu, chanuo la meno mapana, mkono mwingine ukishika nywele juu ili mvuto usifike kwenye mshono. Ukiosha, shampuu ishuke na maji, usifikiche kama unafua jinzi. Mafuta na losheni ya kulainisha viishie katikati na nchani. Usiku jifunge kitambaa laini cha satini, maana shuka la pamba linasugua.

Sisi wa huku tuna mvua bwana, ziwa liko mlangoni. Wivingi ikilowa, kausha mpaka kwenye mistari ya ndani kabla ya kulala. Ukilala nayo mbichi inajisokota, inanuka, na asubuhi ukilazimisha chanuo unavuta nywele na uzi wake. Anayepanda bodaboda kila siku ajifunge kitambaa chini ya helmeti, na akivua avue taratibu. Kuacha helmeti kwa ajili ya nywele hapana, kichwa hakiuzwi dukani.

KUFUMUA

Wiki sita mpaka nane zinatosha. Tumia mkasi mdogo, kata uzi wa kushonea upande wa msuko, si upande wa mshono. Wembe weka mbali. Osha, kausha, paka gundi tena palipolegea, hifadhi. Nywele nzuri za binadamu ukizitunza hivi unazishonea tena na tena, na ile laki mbili yako inakuwa imefanya kazi.

Gundi ni hela kidogo, na kuongea na msusi ni bure. Wasusi mliopo Muleba na Bukoba, kama mna njia nyingine ya kubana mshono, mwageni hapo chini dada zenu wafaidike.

Nawasilisha.